Mzee Hakuzima Redio

Makala yangu ya kwanza ya video niliipigia picha kwenye kibanda cha fundi redio. Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya habari, nimeazima kamera ambayo sikuwahi kushika mfano wake, na kichwani filamu nzima nilikuwa nimeshaiona: mikono ya mzee, moshi mwembamba unaopanda akilehemu waya, vumbi likielea kwenye mwale wa jua. Picha zote hizo nilizipata. Nilirudi na saa nne za kurekodi, nikakaa mbele ya kompyuta, nikaanza kukata mahojiano. Hapo ndipo nilipotambua kwamba redio ilikuwa ikiimba muda wote.

Nilikuwa nimeisikia, bila shaka. Sikuwa kiziwi. Ila ukiwa umekaa na mtu ana kwa ana, sikio lako linachagua: linashika maneno yake na kuiacha redio ipite. Maikrofoni haichagui. Inabeba vyote kwa uzito mmoja. Na tatizo halikuwa kelele tu. Nilipochukua sentensi ya dakika ya tatu nikaiunga na sentensi ya dakika ya ishirini, mzee aliunganika vizuri, lakini wimbo uliokuwa nyuma yake uliruka katikati ya beti ukawa wimbo mwingine. Kila nilipokata, muziki ulinichongea. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu uhariri angeweza kuhesabu mikato yangu akiwa amefumba macho. Tena nyimbo zile zina wenyewe. Hata kama zingekaa sawa, sikuwa na haki ya kuzitumia.

Kwa nini sikumwomba azime? Haya. Mtu mzima, yuko kwake, redio yake, mimi nani nimwamrishe? Nikajifariji kwamba nitaisafisha baadaye kwenye programu. Ukijisikia ukisema neno hilo, "nitasafisha baadaye", weka kamera chini. Programu za siku hizi zinaweza kupunguza mvumo wa feni, hata kutenga muziki, lakini muziki uliochanganyika na sauti ya mtu ukiutoa, mara nyingi na sauti yenyewe huumia. Niliwahi kuona programu ikiutoa muziki huo, ikabaki sauti ya mzee kama anazungumza ndani ya debe.

Tulipoonyeshana kazi darasani, mwalimu alinifanyia jambo ambalo siku ile niliona ni ukatili. Aliigeuza kompyuta ielekee ukutani, watu wasione picha, akasema tusikilize tu. Dakika mbili zilitosha. Mchezo huo nimeuchukua, naufanya kwa kila kazi yangu kabla sijamwonyesha mtu: nafumba macho na kusikiliza mwanzo hadi mwisho. Jaribu na kinyume chake, uzime sauti uangalie picha peke yake. Picha mbovu yenye sauti safi watu huivumilia, wakiamini hali ndiyo ilivyokuwa. Picha safi yenye sauti mbovu wanaiacha ndani ya nusu dakika, na wengi hawatajua hata kusema kilichowakera.

Kwa hiyo siku hizi nikifika mahali pa kurekodi, kamera inabaki kwenye begi kwanza. Nakaa kimya dakika moja nikisikiliza chumba. Friji inavuma? Feni? Kuna saa ya ukutani inayogonga? Nikizima friji ya mtu naweka funguo zangu ndani yake. Ujanja huu nilifundishwa na mtu wa sauti mwenye uzoefu: huwezi kuondoka bila funguo, kwa hiyo huwezi kusahau kuiwasha. Maikrofoni naisogeza karibu na mdomo kadiri picha inavyoruhusu, maana umbali ukiongezeka mara mbili, mahali pa wazi, sauti inashuka kwa takriban desibeli 6, wakati mwangwi wa chumba haushuki nayo. Hata maikrofoni ya bei ndogo ya kubana kwenye kola, iliyo shubiri moja kutoka kidevuni, itaishinda ile ya kifahari iliyo juu ya kamera mita tatu mbali. Kiwango cha kurekodi nakiacha kicheze kwenye desibeli -12 hivi, kwa sababu sauti ya kidijitali ikigonga sifuri, ambayo ndiyo dari yake, imepasuka, na iliyopasuka haishoneki. Hedifoni haitoki masikioni. Na kabla ya kufungasha naomba kila mtu anyamaze, narekodi chumba kitupu kwa sekunde sitini. Watu hucheka. Lakini ukimya wa kila chumba una sauti yake, na ukikata kikohozi katikati ya sentensi bila kuwa na kipande cha ukimya huo cha kuzibia, panabaki shimo ambalo sikio linaanguka ndani yake.

Hayo ya vifaa yanafundishika kwa alasiri moja. Kosa langu la pili lilichukua muda zaidi, kwa sababu halikuwa kwenye kifaa, lilikuwa mdomoni mwangu.

Nimelelewa kwamba mkubwa akizungumza unaitikia. Ehe. Naam. Kumbe! Usipoitikia, anadhani humsikilizi. Basi kwenye rekodi ile, chini ya redio, kulikuwa na mimi. Mzee anasema jambo zuri, mimi "ehe" juu ya neno la mwisho. Anavuta pumzi aendelee, mimi nimeshaingia na swali lijalo lililoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu nilikuwa naogopa ukimya, naona ukimya ni dalili kwamba nimeishiwa. Nilihesabu mara kumi na saba ambazo alikuwa anafungua mdomo kuongeza neno nami nikamfunga. Sitayajua kamwe aliyotaka kuyasema.

Nilirudi kwake baada ya wiki mbili, nikamweleza kwamba nimeharibu. Hilo pia ni ushauri: sema tu umeharibu, watu wengi wana huruma kuliko tunavyodhani. Safari hii nilimwomba azime redio, akaizima bila neno. Nikamwambia kabla hatujaanza kwamba nitakuwa naitikia kwa kichwa tu, asidhani nimenuna. Kisha nikajiwekea sharti: akimaliza kujibu, nahesabu moyoni hadi tano ndipo nifungue mdomo.

Sekunde tano ni nyingi mno ukiwa unamtazama mtu usoni. Jaribu. Nilimuuliza kwa nini ameendelea na kazi hii miaka yote. Akanipa jibu ambalo kila mtu humpa mwandishi wa habari: naipenda kazi yangu. Moja, mbili. Akaangalia bisibisi iliyokuwa mkononi. Tatu, nne. Akasema, "Kusema kweli, kijana wangu, nilijaribu kuuza simu. Nikashindwa na wateja. Mwenye simu hataki kungoja. Mwenye redio anakaa hapo kwenye benchi, tunaongea." Akacheka peke yake. Sentensi hizo ndizo zinazofungua filamu yangu, na zilipatikana kwa sababu tu sikusema kitu.

Kunyamaza hakutoshi kama swali lenyewe limefunga mlango. "Je, unaipenda kazi yako?" linataka ndiyo. "Nieleze asubuhi yako ilivyoanza leo" haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Na kwa kuwa sauti yako itakatwa, mwombe anayejibu aanze na jambo lenyewe. Ukimuuliza alianza lini akajibu "nikiwa na miaka kumi na sita", huna kitu. Akisema "redio ya kwanza niliifungua nikiwa na miaka kumi na sita", umepata sentensi inayosimama yenyewe. Swali la mwisho langu huwa ni kama kuna jambo sijamuuliza. Mara nyingi lipo. Lakini usifanye ule mchezo wa kujidai umezima kamera ili mtu alegee. Taa ya kamera ikiwa inawaka, ajue inawaka.

Neno kuhusu ufupi. Wanafunzi tunafikiri makala fupi ni makala ndefu iliyobanwa. Nilitaka dakika nane zibebe historia ya redio, teknolojia ilivyobadilika, vijana na ajira, na maisha ya mzee. Mchujo wangu wa kwanza ulikuwa dakika ishirini na tatu, na haukuwa na kichwa wala miguu. Kwenye tuzo za Oscar makala inahesabiwa kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwishoni, kwa hiyo nafasi ipo kwa anayeihitaji, lakini hata dakika 40 hazivumilii maswali manne. Niliandika swali langu kwenye kipande cha karatasi nikakibandika juu ya skrini: kwa nini bado anafungua kibanda? Picha isiyolisaidia swali hilo iliondoka. Iliondoka ile ya vumbi na mwale wa jua, nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Iliniuma, na bado ninayo kwenye diski. Siku nyingine naifungua tu niitazame.

Uhariri wenyewe naufanya kwenye karatasi kwanza. Naandika mahojiano yote neno kwa neno, nachapa, nakata kwa mkasi, napanga sakafuni. Kazi ya kuchosha, lakini karatasi haikudanganyi kwa taa nzuri. Upande wa picha sina mengi: shikilia kila picha sekunde kumi bila kutikisa, hata kama unadhani umeshaipata, piga mikono, uso, na kile ambacho uso unakitazama, ukipiga fremu 25 kwa sekunde, weka shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde, na palipo na umeme wa hertzi 50 utakuwa umeepuka pia taa kupepesa kwenye picha. Kila siku nakili kadi mara mbili kabla ya kulala, na diski moja isikae nyumba moja na nyingine.

Liko swali ambalo bado linanisumbua: unaruhusiwa kupanga kiasi gani? Siku ya kwanza nilimwomba rafiki yangu ajifanye mteja. Alishika redio kama anashika mtoto wa watu, mzee akamwangalia kwa mashaka, nami nikajua hapo hapo kwamba kipande hicho hakifai. Lakini nilimwomba mzee afungue tena mlango wa kibanda, kwa sababu mara ya kwanza kamera haikuwa tayari, na hilo sijalijutia. Mjadala ni mkongwe kama sinema yenyewe. Ndugu Lumière, Wafaransa waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa sinema, walipopiga wafanyakazi wakitoka kiwandani mjini Lyon, mwaka 1895, filamu isiyofika dakika moja, walirudia. Matoleo matatu yanajulikana. Robert Flaherty, mtengenezaji filamu Mmarekani, kwenye filamu yake ya 1922 kuhusu familia ya Wainuiti, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, alikuta nyumba ya theluji ni ndogo na yenye giza kwa kamera yake, ikajengwa nyingine kubwa iliyoachwa wazi upande mmoja, na familia ikalala humo kwenye baridi ili ipigwe picha. Mpaka wangu kwa sasa ni huu: mtu anaweza kurudia jambo alifanyalo kila siku, lakini sitamtilia neno mdomoni wala hisia moyoni. Huenda mwakani nikausogeza.

Nilidhani nimeuheshimu mpaka huo hadi siku nilipompelekea mzee filamu iliyokwisha. Tuliitazama kwenye kompyuta yangu, tumekaa kwenye benchi lile la wateja, redio ikiwa imezimwa kwa heshima ya shughuli. Alitazama dakika zote nane bila kusema neno, akitikisa kichwa pale anapozungumzia simu. Ilipoisha akaniuliza, "Redio iko wapi?"

Nikamwonyesha redio, zilijaa kwenye fremu, rafu nzima.

"Hizo naziona. Mbona hazilii? Kibanda changu hakijawahi kuwa kimya hivi. Watu watadhani nimefiwa."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimezima kelele ili nimsikie, na katika kuzima nikakiondoa kitu pekee ambacho kila mpita njia anakijua kuhusu kibanda kile. Kesho yake nilirudi bila kamera, na kinasa sauti tu. Wimbo nisingeweza kuutumia, kwa hiyo nilimwomba ashike redio moja ya zamani azungushe kitufe taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wa masafa, nikarekodi yaliyo katikati ya stesheni: mikwaruzo, miluzi, mvumo unaokuja na kuondoka. Sekunde kumi na mbili za hiyo nimezilaza mwanzoni, kabla hajasema neno lake la kwanza, na zinarudi kwa chini sana mlango unapofungwa.

Mwalimu wangu ameandika kwenye ukurasa wa alama: "Mwanzoni pana kelele." Sijaiondoa.