Kura ya mtu mweusi Marekani: ina nguvu wapi, haina wapi

Ndugu zangu wa nyumbani mmeuliza: weusi wa Marekani hawazidi sana 13 katika kila watu 100, je, wana sauti kweli au wanawekwa mbele kwa ajili ya picha? Na sisi tuliohamia, tunapiga kura?

Sauti wanayo, tena nzito, ila inategemea jimbo na mwezi. Ukifuatilia Novemba peke yake, mwezi wa uchaguzi mkuu, hutaiona. Chukueni South Carolina.

Februari 2020 Joe Biden, aliyetaka chama cha Democratic kimteue kugombea urais, alikuwa hoi katika michujo ya mwanzo. Iowa alitoka wa 4, New Hampshire wa 5, Nevada akaachwa mbali na mpinzani wake Bernie Sanders. Tarehe 26 Jim Clyburn, mbunge mweusi wa South Carolina, akatangaza kwamba anamuunga mkono. Katika mchujo wa Democratic wa jimbo hilo, zaidi ya nusu ya wapiga kura ni weusi. Tarehe 29 Biden alizoa karibu nusu ya kura, na wajumbe 39 kati ya 54 wa jimbo hilo wanaopitisha mgombea wa chama. Wapinzani watatu wakajitoa, na tarehe 3 Machi akashinda majimbo 10 kati ya 14 yaliyopiga kura siku hiyo.

Neno la Clyburn halikupata uzito huo kwa siku moja. Tangu 1992 huandaa karamu ya samaki wa kukaanga, ya bure, iliyoanzishwa kwa ajili ya wanachama wasiomudu tiketi ya chakula cha jioni cha wakubwa wa chama. Mwaka 2019 wagombea urais zaidi ya 20 walikwenda kujipanga pale, wamevaa fulana zenye jina lake.

Na alidai malipo. Alimsukuma Biden aahidi hadharani kumteua mwanamke mweusi katika Mahakama ya Juu. Ahadi ilitolewa kwenye mdahalo wa Charleston, siku moja kabla ya tamko la Clyburn, na Aprili 2022 Ketanji Brown Jackson akathibitishwa na Seneti kwa kura 53 kwa 47. Hiyo ndiyo siasa hasa, na weusi wa jimbo lile nawaheshimu sana kwa hilo.

Lakini Novemba ikifika, weusi haohao wa South Carolina wanazidiwa. Ni kama robo ya watu wa jimbo, mshindi wa jimbo huchukua kura zake zote 9 za wajumbe wanaomchagua rais, na tangu 1976 hakuna Mdemokrati aliyeshinda pale. Jirani yao Georgia, ambako weusi ni karibu theluthi, mambo ni tofauti: 2020 Biden alishinda kwa kura 11,779 tu. Januari 2021 mchungaji Raphael Warnock, wa kanisa alilohudumu Martin Luther King, akawa seneta mweusi wa kwanza wa jimbo hilo kupitia duru ya pili.

Miezi miwili baadaye Georgia ikatunga sheria iliyofupisha muda kabla ya duru ya pili kutoka wiki 9 hadi 4. Kwa kuwa daftari la wapiga kura hufungwa karibu mwezi mzima kabla ya siku ya kura, anayesubiri matokeo ya duru ya kwanza ndipo ajiandikishe kwa ya pili hana tena nafasi. Ndiyo maana makanisa na vikundi vya mitaa huanza kuandikisha watu mapema mno. Anayeamka katikati ya Oktoba amechelewa kwa duru ya kwanza.

Sasa sisi wahamiaji. Kura ya urais ni ya raia tu. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile grinikadi, kwa kawaida husubiri miaka 5, au 3 kama anaishi na mwenzi aliye raia, ndipo aombe uraia kwa fomu N-400. Hatari iko kwenye ofisi ya leseni za udereva: unapojaza maombi unaulizwa pia kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Wageni wengi, wakiwemo wakimbizi wa Kongo ambao Kiingereza bado hakijakaa, hutia alama na kusaini wakidhani ni sehemu ya leseni. Kusaini kwamba wewe ni raia wakati siyo kunaweza kukunyima uraia na hata kukufukuzisha nchini, hata kama hujapiga kura. Jibuni hapana, ombeni mkalimani, na kama mmeshasaini, nendeni kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kupeleka fomu yoyote nyingine. Ukishakula kiapo cha uraia, jiandikishe wiki hiyohiyo, na uulize tarehe ya mchujo wa jimbo lako.