Je, askari mpanda farasi alikufa kwa upanga?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninayo picha ya zamani ya askari wa Kiingereza wa karne ya 19. Yuko juu ya farasi, ana manyoya kofiani na kamba za manjano kifuani, na mkononi ameshika upanga. Mdogo wangu anasema watu wale waliishi kwa raha na kufa kishujaa vitani. Mimi moyo wangu hausadiki. Askari wa kawaida, asiye na cheo, aliishije? Na alikufaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shaka yako ina msingi. Nitakujibu kwa habari za mtu mmoja, Frederick John White, mzaliwa wa Nottingham, askari asiye na cheo wa Kikosi cha 7 cha Hussars, yaani wapanda farasi wepesi. Nilipokuwa nikifundisha historia, watoto walijua majina ya majenerali kwa kuyaimba. Jina la White hakuna aliyewahi kulisikia, na hilo bado linaniuma.

Anza na siku yake ilivyokuwa. Tarumbeta ililia alfajiri, na kazi ya kwanza ilikuwa farasi. Alimsafisha, alimpa chakula na maji, akazoa mavi, ndipo akaenda kunywa chai yake mwenyewe. Mchana alirudi bandani, na jioni tena. Askari wa miguu akimaliza gwaride hupumzika. Mpanda farasi alikuwa na tumbo la pili la kulisha. Ndiyo sababu mshahara wake ulizidi kidogo: shilingi moja na peni tatu kwa siku, wakati wa miguu alipata shilingi moja. Lakini usizihesabu hela hizo kama zake. Zilikatwa za chakula, za kufuliwa nguo, za vifaa vilivyochakaa, na mara nyingi zilizobaki zilikuwa peni chache, ambazo ziliishia kilabuni. Posho yake ilikuwa ratili moja ya mkate na robo tatu ya ratili ya nyama, mfupa ukihesabiwa humo humo. Nyama ilichemshwa. Kesho yake ilichemshwa tena.

Kuoa kulihitaji ruhusa ya kamanda, na waliopewa walikuwa karibu sita tu katika kila mia. Mke wa aliyeruhusiwa alilala kwenye kona ya bweni la wanaume, nyuma ya blanketi lililotundikwa kwenye kamba. Na kabla ya sheria ya 1847 kufupisha mkataba wa wapanda farasi hadi miaka 12, mtu alijiandikisha bila kikomo, yaani mpaka mwili wake uchoke.

Sasa tuje 1846. White alikuwa kambini Hounslow, magharibi ya London, umri wake kama miaka 27. Akiwa amelewa, aligombana na sajini wake akampiga kwa kipande cha chuma. Kosa lilikuwa kubwa na sitalipunguza. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu mapigo 150, ambacho kilikuwa kiwango cha juu kabisa kwa mahakama ya ngazi ile.

Tarehe 15 Juni alifungwa kwenye ngazi ndani ya ukumbi wa mazoezi ya farasi, kikosi kizima kimepangwa kutazama. Katika vikosi vya farasi waliopiga ni wahunzi, wale wale wanaowapigilia farasi viatu vya chuma. Wawili walipokezana. Fikiria mikono ile, mwanangu, iliyozoea nyundo kila siku. Na mjeledi wenyewe ulikuwa wa mikia tisa. Zidisha: 150 mara tisa ni 1,350. Kanali alisimama pale, na daktari wa kikosi pia, ambaye sheria ilimweka hapo ili asimamishe adhabu akiona hatari. Hakuisimamisha. Baadhi ya askari waliokuwa wakitazama walizimia.

White alipelekwa hospitali ya kambi, na vidonda vya mgongoni vikaanza kufunga. Karibu na kupona, maumivu yakamshika kifuani. Tarehe 11 Julai alifariki, siku ya 26 tangu apigwe.

Madaktari wa jeshi waliandika kwamba ni uvimbe wa utando wa mapafu na wa moyo, na kwamba viboko havihusiki. Kwa karatasi ile, angezikwa kimya kimya kama wengi waliomtangulia. Lakini kasisi wa Heston, mahali karibu na kambi, aliyetakiwa kumzika, alikuwa amesikia minong'ono. Alimwandikia Thomas Wakley, mchunguzi wa vifo wa eneo lile, daktari aliyeanzisha jarida la tiba la The Lancet. Wakley akaita jopo la raia. Ikaonekana uti wa mgongo haukuwa umefunguliwa katika upasuaji wa kwanza, kwa hiyo mwili ukafukuliwa, na bingwa wa ngozi Erasmus Wilson akauchunguza upya. Karibu na uti wa mgongo, ndani kabisa, alikuta misuli imelainika kama rojo, na akasema chanzo ni viboko. Ngozi ilikuwa imepona juu. Chini yake mambo yalikuwa mengine. Tarehe 3 Agosti jopo lilitamka kwamba White alikufa kwa sababu ya kuchapwa mapigo 150, likaongeza kwamba linachukizwa na kuwepo kwa sheria inayoruhusu adhabu hiyo.

Mwezi huo huo Duke wa Wellington, amiri jeshi wa Uingereza, aliweka kikomo kipya: mapigo 50. Wakati wa ujana wake huyo Duke, hukumu za mapigo 1,000 zilikuwa zikitolewa. Wakati wa amani viboko vilifutwa 1868, na vitani 1881.

Utaniuliza, na vitani je? Walikufa huko pia. Huko Balaclava, katika rasi ya Crimea kwenye Bahari Nyeusi, 25 Oktoba 1854, wapanda farasi wepesi wapatao 670 walielekezwa kwenye mizinga ya Warusi kwa amri iliyoeleweka vibaya, na karibu 110 waliuawa. Hilo ndilo watu huchora. Hawachori majira ya baridi yaliyofuata, farasi waliponyimwa majani kwa sababu njia ya kutoka bandarini iligeuka tope, wakawa wanatafunana mikia na manyoya ya shingo kwa njaa, na wapanda farasi wanatazama wanyama waliowatunza kila alfajiri wakianguka. Katika vita ile ya Crimea Waingereza walipoteza askari wapatao 21,000. Zaidi ya 16,000 kati yao waliuawa na magonjwa: kipindupindu, kuhara, homa. Upanga ulichukua wachache sana.

Hata nyumbani, bila vita, kifua kikuu kiliwamaliza katika mabweni yaliyosongamana, madirisha yamefungwa dhidi ya baridi, na pipa la mkojo likikaa humo ndani hadi asubuhi. Tume iliyochunguza mambo haya baada ya Crimea ilikuta kwamba askari, vijana waliochaguliwa kwa afya yao, walikufa kwa wingi kuliko raia wa umri wao.

Picha yako itunze. Ziangalie vizuri hizo kamba za manjano na mikanda myeupe. Mwenye picha aliipaka mikanda hiyo udongo mweupe kwa mkono wake, jioni, baada ya farasi kulala, na udongo wenyewe ulitoka kwenye zile peni zake chache.