Re: Mwalimu Nyerere aliacha lini kufundisha akaingia kutunga sheria?

Ndugu yangu, umeuliza kama Mwalimu alitoka darasani moja kwa moja hadi bungeni. Hapana, katikati pana miaka michache, na ndiyo yenye utamu.

Alianza kufundisha Tabora, shule ya Mtakatifu Maria, akaenda kusoma Edinburgh, kisha akarudi kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Chama cha TANU, kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilizaliwa Julai 7, 1954 yeye akiwa bado anashika chaki! Machi 1955 akawa New York akiisemea Tanganyika Umoja wa Mataifa. Aliporudi ikambidi achague: shule au siasa. Akaacha kazi. Hebu fikiria, ana mke na familia changa, na mshahara umekatika.

Mwaka 1957 gavana wa Kiingereza, Twining, alimteua kwenye Baraza la Kutunga Sheria (bunge la wakati huo), lakini hakukaa hata mwaka, akajiuzulu Desemba alipoona hoja zake hazisikilizwi. Mimi hapo ndipo ninapomheshimu zaidi.

Kuingia kwa kura za wananchi ni 1958, Jimbo la Mashariki. Uchaguzi ule ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura inaharibika. Wengi TANU walitaka kususa. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari mwaka huo, yeye ndiye aliyewashawishi washiriki. Mwenzao wa TANU, Zuberi Mtemvu, hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake.