Nilivyojifunza kukipima kituo cha daktari kwa miaka sita ya kumpeleka mama kliniki

Mkuu, umeuliza mtu asiye wa fani atajuaje kama madaktari wa kituo cha jirani wanatibu vizuri au wanauza dawa tu. Mimi pia si wa fani. Nimempeleka mama kliniki ya presha na kisukari miaka sita, kwenye vituo viwili, na cha kwanza nilikisifia hadi kwa majirani. Nilikosea.

Kile cha kwanza kilikuwa kisafi, kiyoyozi kinapuliza, mapokezi wanakuita kwa jina, dakika kumi umeshamwona daktari. Mama alitoka kila mara na mfuko wa dawa. Ikafika siku akaanza kuvimba miguu, wakamtoa damu kupima figo, wakasema "tutawapigia". Simu haikuja. Sisi tukajiambia kimya chao ni heri, wangeona baya wangepiga. Wiki ya saba nikaenda mwenyewe kuulizia. Majibu yalikuwa ndani ya faili muda wote huo, mtu wa maabara kayazungushia wino mwekundu, daktari hajayaona. Figo zilikuwa zimeanza kuchoka, na metformini, dawa ya kisukari aliyokuwa akimeza mama, ilitakiwa ipunguzwe dozi tangu hapo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza mahali popote sasa ni hili: majibu nitayapata lini, kwa njia gani, na yasipokuja nimuulize nani? Kituo chenye utaratibu kitakujibu bila kufikiri, hata mtu wa mapokezi anajua. Ukiona wanatazamana, shika hilo kichwani. Na usikubali kamwe kwamba kimya maana yake uko salama. Kimya huweza kuwa karatasi iliyopotea.

Tukahama. Kituo cha pili kina mabenchi ya mbao na foleni ya kukatisha tamaa, na dada wa mapokezi ana mdomo mchungu hadi leo, sitamtetea. Lakini siku ya kwanza muuguzi alimkalisha mama dakika tano kabla ya kumpima presha, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, akamwomba asiongee. Nikadhani anapoteza muda. Halafu akauvua ule mkanda wa mashine akaleta mpana zaidi, kwa kuwa mama ana mkono mnene na mkanda mdogo husoma presha juu kuliko ilivyo. Kule tulikotoka walikuwa wakimpima akiwa bado anahema kutoka kwenye ngazi, huku wanamuuliza maswali. Mara mbili walimwongezea dawa kwa namba za namna hiyo. Kama alizihitaji kweli, sitajua.

Siku hiyohiyo daktari akamwambia avue viatu. Mgonjwa wa kisukari anapaswa kukaguliwa miguu angalau mara moja kwa mwaka, maana ganzi ikishaingia kidonda hakiumi na hugundulika kimeshaharibika. Mama alikuwa amekaa kule kwa kwanza miaka mitatu, hajavuliwa kiatu hata siku moja. Ukiwa na mzazi mwenye kisukari, anza kuangalia hapo. Halafu uliza kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kinafanywa kila baada ya muda gani. Wakitegemea tone la damu la asubuhi hiyo peke yake, mgonjwa aliyejinyima sukari siku mbili atawadanganya kirahisi.

Dawa: hapa wengi tunapima kinyume. Daktari asiyeandika antibayotiki kwa mafua tunamwona mchoyo, wakati mafua ni virusi na antibayotiki haiviui. Yule wetu alimnyima mama vidonge, kisha akamtajia dalili tatu ambazo akiziona arudi haraka, hata usiku. Hizo dalili ndizo nilizozipenda. Na kabla ya kuandika chochote huuliza mzio, dawa nyingine anazotumia, na mitishamba pia, bila kumkaripia.

Mikono sisemi sana: angalia kama anainawa au kuipaka dawa kabla ya kukugusa. Glavu alizotoka nazo kwa mgonjwa aliyetangulia hazihesabiki.

Kulikuwa na daktari aliyeitwa Avedis Donabedian, aliyeandika mwaka 1966 kwamba ubora wa matibabu hutazamwa pande tatu: vifaa na watu waliopo, yale yanayofanyika wakati wa kutibu, na matokeo. Nilipoisoma nikaelewa nilipopotea. Mimi nilikuwa naangalia upande wa kwanza tu, tena viti na kiyoyozi chake. Matokeo nayo hudanganya, kwa sababu magonjwa mengi madogo hupona yenyewe na sifa anapewa aliyeandika dawa. Mgonjwa anabaki na ule upande wa kati, na kwa bahati nzuri unafanyika mbele ya macho yake.

Maoni ya majirani yasikilize kwa swali moja: usiulize "pazuri?", uliza walifanyiwa nini mara ya mwisho hatua kwa hatua. Na popote utakapokwenda chukua nakala ya kila jibu la maabara siku hiyohiyo. Sisi za kule kwa kwanza tulizifuatilia mara nne kabla ya kupewa.