Kabla ya Kuiamini Namba Iliyo Kwenye Pipa la Lami

Mdogo wangu unayeanza kazi kwenye maabara ya barabara, iwe Arusha mjini au kambi ya mkandarasi kule Bomang'ombe, kipimo cha kwanza utakachokabidhiwa ni cha sindano. Sampuli ya lami inakaa kwenye maji ya nyuzi 25, sindano yenye uzito wa gramu 100 pamoja na kishikio chake inaachiwa kwa sekunde 5, nawe unasoma imezama kiasi gani. Ikizama kati ya milimita 6 na 7, lami hiyo inaitwa 60/70, maana usomaji huo, yaani penetresheni, huhesabiwa kwa sehemu ya kumi ya milimita. Ni kipimo kizuri, kifanye kwa makini. Ila kinasema ugumu wa lami kwenye joto moja tu. Hakisemi lami ilitoka kwenye mafuta ghafi ya aina gani, wala ilifanyiwa nini hadi ikafikia ugumu huo. Hayo mawili ndiyo yanayoamua barabara itadumu au itapasuka mapema, na ndiyo ninayotaka uyaelewe.

Tanzania kwa sasa haina mtambo unaosafisha mafuta ghafi. Kile cha Kigamboni kimebaki hifadhi ya mafuta, na cha Mombasa kilisimama mwaka 2013. Kwa hiyo lami unayoipima Arusha imepitia mikono mingi kabla ya kukufikia. Lazima uwe na picha ya safari yake.

Kwenye mtambo, mafuta ghafi hupashwa hadi karibu nyuzi 350 na kuingizwa kwenye mnara. Petroli, mafuta ya taa na dizeli hupanda juu kama mvuke na kukusanywa, masalia mazito hubaki chini. Ukiyapasha masalia hayo zaidi ya hapo, molekuli zake zinaanza kuvunjika. Ndiyo maana hupelekwa kwenye mnara wa pili uliotolewa hewa, ambako mafuta mazito huchemka bila kuhitaji joto kubwa zaidi. Kinachobaki chini ya mnara huo wa ombwe ndicho malighafi ya lami.

Sasa, si kila masalia yanafaa. Mafuta ghafi mazito, kama mengi ya Venezuela, huacha masalia ambayo ni lami karibu moja kwa moja. Mafuta mepesi yenye nta nyingi huacha masalia machache, na nta hiyo hubaki ndani yake: jua likiwaka inayeyuka na lami inalegea, baridi ikiingia inaganda na lami inakuwa kavu. Nawasikia vijana wakisema bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, litatuletea lami yetu wenyewe. Nami natamani sana tuwe na lami yetu. Lakini mafuta ya Uganda yana nta nyingi kiasi kwamba bomba zima, kilomita 1,443, linapaswa kupashwa joto ili yasigande njiani. Na hata kama yasingekuwa na nta, bomba hilo ni la kupeleka mafuta ghafi bandarini yauzwe nje. Bila mnara wa ombwe hakuna lami.

Ndani ya lami kuna makundi manne: mafuta mepesi yaliyoshiba haidrojeni, mafuta ya aromatiki, resini na asfaltini. Asfaltini ni chembe ngumu nyeusi zinazoipa lami uimara. Resini huzizunguka asfaltini na kuzishikilia ndani ya mafuta, mithili ya kiini cha yai kinavyoyashika mafuta na siki visiachane. Uwiano huu ukivurugika, asfaltini hukusanyika zenyewe na lami hupoteza mnato hata kama sindano bado inasoma 65. Kazi yote ya kuboresha lami inazunguka uwiano huo.

Njia ya zamani ni kupuliza hewa ndani ya masalia laini yakiwa na joto la nyuzi 230 hadi 290 hivi. Oksijeni huondoa haidrojeni, molekuli ndogo huungana kuwa kubwa, sehemu ya resini na aromatiki hugeuka asfaltini. Lami inakuwa ngumu na haiyumbishwi sana na joto. Hewa kidogo inasaidia, nyingi inaharibu: lami iliyopulizwa sana inafaa kuezekea na kuzuia maji, lakini ukiitandika barabarani inapasuka. Njia nyingine ni kutumia propani ya kimiminika kuvuta mafuta kutoka kwenye masalia, ile ngumu inayobaki ikachanganywa na masalia laini. Hiyo ni kazi ya viwanda vikubwa, huwezi kuiona hapa.

Unachoweza kukutana nacho hapa ni lami ya kuunganishwa. Mtu anachukua masalia magumu, pengine yaliyovunjwavunjwa kwa joto ili kukamua dizeli zaidi, anayalainisha kwa mafuta mepesi mpaka sindano iridhike. Kwenye cheti ni 60/70 safi. Ikifika kwenye mtambo wa kuchanganyia kokoto, joto la nyuzi 160 linayafukuza yale mafuta mepesi, na ile inayotandikwa barabarani si ile uliyoipima. Lami ya namna hii haijifichi ukifanya vipimo viwili zaidi. Cha kwanza ni joto la kuwaka: 60/70 haipaswi kushika moto chini ya nyuzi 230 hivi, ikiwaka chini ya hapo kuna chepesi ndani. Cha pili ni tanuri ya utando mwembamba, ambako lami hutandazwa nyembamba na kuokwa kwa nyuzi 163. Pima uzito kabla na baada, kisha rudia sindano. Upungufu wa uzito uwe chini ya asilimia moja, na lami ibaki na zaidi ya nusu ya penetresheni yake ya mwanzo. Isipotimiza hayo, iandikie ripoti bila kuogopa mtu.

Halafu kuna joto la kulainika, kile kipimo cha pete na gololi. Vijana hukiandika na kukisahau, na mimi nakipenda kuliko vyote. Chukua sampuli mbili, zote penetresheni 65. Moja inalainika kwa nyuzi 48, nyingine kwa 53. Ukikokotoa faharasa ya penetresheni, yaani namba inayoonyesha jinsi ugumu wa lami unavyoyumbishwa na joto (ikiwa ndogo, inayumba zaidi), ya kwanza inatoka karibu -1.1 na ya pili karibu +0.2. Daraja ni lilelile, tabia ni tofauti kabisa. Ile ya kwanza italegea upesi malori ya Namanga yanapopanda taratibu saa nane mchana, nayo itaacha mifereji ya matairi. Na baridi ya Julai ikishuka Arusha, yenye mwinuko wa karibu mita 1,400, ndiyo hiyohiyo itakayokuwa ya kwanza kukakamaa. Moshi iko chini zaidi na ina joto zaidi, kwa hiyo usinakili mchanganyiko wa mji mmoja kwenda mwingine kwa sababu tu magari ni yaleyale.

Kuhusu polima, yaani molekuli ndefu kama za plastiki na mpira: SBS, ambayo ni ya jamii ya mpira, kwa asilimia 3 hadi 5, inafanya kazi kweli kwenye miinuko, mizunguko na vituo vya mabasi. Inahitaji nyuzi 170 hadi 180, kinu cha kusaga kwa nguvu, na masalia yenye aromatiki za kutosha, kwa sababu polima hujaa kwa kunyonya mafuta hayo. Ukiipa lami iliyopulizwa hewa mpaka ikakauka, inajitenga na kuelea juu. Lichunguze hilo kwa bomba dogo la aluminiamu: simamisha lami ndani ya tanuri ya nyuzi 163 kwa saa 48, ligandishe, likate, linganisha joto la kulainika la juu na la chini.

Wanafunzi wa vyuo vyetu hupenda mradi wa kutia plastiki kwenye lami. Ni wazo la heri, tuna taka nyingi. Lakini chupa za maji ni PET, inayoyeyuka kwa takriban nyuzi 250. Kwenye lami ya nyuzi 160 itabaki vipande vigumu. Plastiki laini ya poliethilini huyeyuka, ila ikiachwa bila kukorogwa hujitenga. Anzeni na kipimo cha bomba kabla ya kuandika hitimisho. Na oili chafu ya gereji msiitie kulainishia lami, hata kwa kiasi kidogo. Lami italainika leo, mipasuko itafuata mapema.

Mengine ni ya uwanjani. Moto wa mapipa usimwachie kibarua mwenye haraka. Lami nzuri iliyopikwa hadi nyuzi 190 imezeeka kabla ya kuguswa na kokoto. Jiwe jeusi la Meru hushika lami vizuri, lile jekundu lenye vitundu hunyonya mafuta mepesi na kuiacha iliyobaki ngumu, basi pima unyonyaji kwanza. Maji yakiingia kwenye lami ya moto hufuka povu na kufurika. Usiinamie mdomo wa tangi, gesi ya salfa inayotoka humo inaua. Ukiungua, poza kwa maji safi kwa muda mrefu, usiibandue lami kwenye ngozi, nenda nayo hospitali ilivyogandia hapohapo.

Kila shehena ikifika, toa lita moja, ifunge kwenye kopo la bati, andika tarehe, namba ya shehena na kilomita ilikotandikwa, weka kabatini pasipo jua. Barabara ikianza kupasuka baada ya miaka miwili, watu watalaumu mvua, malori na rola. Wewe fungua kopo, rudia vipimo, kisha chimba kipande cha barabara, itoe lami yake kwa kiyeyushi na uzilinganishe.