Misa haimsulubishi Yesu upya

Dada yangu wa Kasulu, umeuliza kama kila Misa Yesu anatolewa sadaka tena, na kama kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, kikiishiwa divai mnaweza kutumia pombe ya ndizi.

Hasulubiwi tena. Waebrania 10:10 inasema mwili wake ulitolewa mara moja tu. Katika imani Katoliki, altareni sadaka ileile ya msalaba huwekwa mbele yetu bila kumwaga damu. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulitamka hivyo mwaka 1562. Lile tone la maji ambalo padre hutia katika divai ni sisi tunaounganishwa na Kristo. Kwa hiyo usiende kutazama tu. Wakati wa kutolea vipaji, yaani mkate na divai vinapopelekwa altareni, mtolee Mungu jasho la shamba la muhogo, mgonjwa unayemuuguza, hata ugomvi uliokubali kuusamehe. Hapo wengi hupitwa, inasikitisha.

Pombe ya ndizi haifai kabisa. Mkate uwe wa ngano tupu, divai ya zabibu. Ikishageuka siki, haifai pia. Divai ikikosekana, katekista aongoze ibada ya Neno.

Mfungo ni wa muda wa saa 1 kabla ya kukomunika, yaani kupokea Ekaristi. Maji na dawa havivunji mfungo, na wazee na wagonjwa wameruhusiwa kula.