Ndege ya mbele haitui kwa niaba yako

Mwanangu Masanja,

Barua yako nimeipata, na Mama yako amesomewa. Unauliza kama wewe, rubani msaidizi, ulipaswa kumwambia kapteni wako aghairi kutua Entebbe jioni ile, wingu la radi likiwa limekaa juu ya ziwa. Jibu unalo: mlifundishwa kwamba yeyote kati yenu wawili akisema mpae, mnapaa. Mimi kilichonikwama ni maneno uliyoyapitia haraka, kwamba ndege iliyowatangulia ilitua salama na kusema hali ni shwari.

Ndege ya mbele haitui kwa niaba yako, Masanja.

Kisa cha Babu unakijua, ila umekisikia kwake tu, na kwake mimi ndiye mshtakiwa. Nilikuwa zamu ya hali ya hewa uwanja wa Mwanza, yeye anarudi kutoka Dar kwenye matibabu. Ndege ya kwanza ilitua, abiria wakashuka wanacheka. Ya Babu ilikuwa inafuata. Mfuko wa upepo, kile kitambaa cha mlingotini kinachoonyesha upepo unaelekea wapi, tangu mchana ulikuwa umejaa kuelekea nchi kavu, upepo wa ziwani ule wa kila siku. Ghafla ukalegea, ukaning'inia kwenye mlingoti, kisha ukajaa upya kwa nguvu ukielekea ziwani. Vumbi likakatiza njia ya kurukia, na tone la mvua lilikuwa bado halijagusa ardhi. Nikapiga simu mnarani, mnara ukamwarifu rubani, rubani akapaa. Babu akalala Kilimanjaro.

Alinilaumu mpaka tunamzika. Kila mgeni pale Nyegezi aliambiwa, "Huyu alinizuia kushuka kwangu, na ile ya kwanza ilitua!" Mlicheka wote, nami nilicheka, lakini iliniuma. Maana haikupita muda upepo ukatulia, jua likawaka. Rubani angezunguka kidogo juu ya ziwa, mzee angekula sato wake nyumbani usiku ule. Hilo nimebishana nalo peke yangu miaka yote. Kisha najiuliza, rubani angejuaje? Na mimi je? Mfuko wa upepo hausemi utatulia saa ngapi.

New York, tarehe 24 Juni 1975, uwanja wa John F. Kennedy: rubani wa ndege ya mizigo alitua kwa taabu, akawaambia wa mnarani wabadilishe njia ya kutua. Aliyemfuata alighairi, akaondoka. Halafu zikatua mbili. Iliyofuata ikaanguka kabla ya kuifikia njia, Boeing 727 ya shirika la Eastern, wakafa watu 113. Ajali hiyo ndiyo iliyomfanya Fujita, yule Mjapani wa Chuo Kikuu cha Chicago, aanze kuchunguza hewa inayoporomoka kutoka wingu la radi. Dallas nako, Agosti 1985, Learjet ndogo ilitangulia kupita kwenye mvua ileile ikatua. TriStar, ndege kubwa ya abiria ya shirika la Delta, iliyokuwa nyuma yake haikufika, watu 137 wakafa. Unaona? Kila mara yupo aliyetua.

Hewa hiyo inayoporomoka ikifika chini hutawanyika kila upande kama maji ya ndoo yakimwagwa sakafuni, kwenye eneo lisilozidi kilomita 4, na dakika chache tu zinatosha kuibadilisha kabisa. Ukiingia unapokelewa na upepo wa mbele, kasi inapanda, unajiona umebarikiwa, mkono unaanza kupunguza nguvu za injini. Mara upepo uko mgongoni na kasi haipo. Hapo ni nguvu zote, pua juu, magurudumu na flapsi za mabawa usiziguse mpaka utoke. Unayajua haya kuliko mimi niliyekuwa nayatazama nikiwa chini, lakini mzazi hanyamazi.

Kuhusu kapteni wako sisemi. Sikuwemo, na mtu aliyelaumiwa na baba yake kwa kuwa mwangalifu huenda akawa hakimu mbaya. Tena mlitua, watu wakaenda kwao. Ila pale ulipoandika kwamba kasi ilipanda noti 15, yaani karibu kilomita 28 kwa saa, naye akapunguza nguvu, nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Basi, nimenyamaza. Barua hii usimwonyeshe.

Baba yako